Mohamed Amin: mpigapicha aliyeanzia kandoni mwa barabara ya Safari

Kila alfajiri magari madogo ya abiria hutoka Rumonge kwa kasi, yakishika Barabara ya Taifa namba 3 kandokando ya Ziwa Tanganyika kuelekea Bujumbura. Juu yamefungwa mifuko ya ndagala na ndoo za mukeke, nyuma yamepangwa madumu ya mafuta ya mawese. Mengine huelekea kusini, Nyanza-Lac na Mabanda, kwenye mpaka wa Tanzania. Kijana anayesimama ukingoni mwa lami na simu mkononi, akitaka kulipiga picha gari linalopita, hupata moja kati ya mambo mawili. Ama gari limekwisha kwenda na picha imebaki na michikichi peke yake, ama gari limegeuka doa refu lisilo na taa wala namba.

Shida hiyo ni ya zamani. Katika miaka ya 1950 ilimkabili mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam ambaye baadaye alikuwa mpigapicha wa habari mashuhuri kuliko wengi waliopata kutoka Afrika Mashariki. Jina lake ni Mohamed Amin, na wengi walimwita Mo. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilionekana karibu dunia nzima. Lakini mazoezi yake ya mwanzo yalikuwa ya mambo madogo zaidi: vumbi, magari na mashindano ya Safari.

Mtoto wa fundi wa reli

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, katika familia ya asili ya Punjab. Baba yake alikuwa fundi mwashi aliyefanya kazi na reli, na reli ndiyo iliyoihamisha familia hadi Dar es Salaam Amin akiwa bado mdogo. Kwa hiyo tangu utotoni alikuwa mtu wa miji miwili na nchi mbili: amezaliwa Kenya, amekulia Tanganyika, nyumbani wanazungumza lugha ya wazazi na mtaani Kiswahili.

Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie ya mtumba, kisanduku cheusi chenye lenzi moja na kitufe kimoja. Kamera ya aina hiyo haikumpa mpigapicha mambo mengi ya kuchagua. Kasi ya shata ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya polepole. Mtu aliyesimama wima alitoka vizuri, na mashua iliyotia nanga vilevile. Gari lililokatiza mbele lilitoka kama moshi.

Shuleni alijiunga na wanafunzi waliopenda picha, akajifunza kusafisha filamu gizani na kuchapa picha kwa dawa. Akiwa bado mwanafunzi alianza kuuza picha kwa magazeti. Katika umri ambao wenzake walikuwa wakicheza mpira, yeye alikuwa amekwishaelewa jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Rumonge analijua: bidhaa ni ile ambayo mtu mwingine anaihitaji leo.

Magari ya nchi tatu

Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipotawazwa, wapenzi wa magari wa Kenya walianzisha mashindano yaliyoitwa Coronation Safari. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 yakajulikana kama East African Safari. Hayakuwa mashindano ya uwanjani. Magari yalikimbia maelfu ya kilomita usiku na mchana, kwenye vumbi jekundu na tope la mvua za Pasaka, kupitia vijiji ambavyo watu wake walitoka nje na watoto wao kushangilia. Kwa miaka mingi tukio hilo lilipita mipakani kama vile mipaka haipo, na kila mtu wa nchi tatu alikuwa na dereva wake wa kumshangilia. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973, na tena miaka minne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982.

Kwa mpigapicha kijana wa Dar es Salaam, Safari ilikuwa soko lililojileta lenyewe. Magazeti yalitaka picha, na wenye magari pia. Lakini picha ya gari lililosimama kituoni kila mtu aliweza kuipiga. Iliyolipwa ni picha ya gari likiwa kazini, likikimbia.

Hapo ndipo ufundi ulipohitajika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, gari limekwishasogea karibu sentimita 37. Kamera ikiwa imetulia, sentimita hizo zote huandikwa kwenye filamu kama ukungu. Njia moja ni kutumia shata ya kasi sana, lakini filamu za wakati huo zilitaka mwanga mwingi, na kamera za bei nafuu hazikuwa na kasi hiyo. Tena kuna hasara nyingine: shata ya kasi hugandisha hata magurudumu, na gari la mashindano huonekana kama limeegeshwa sokoni.

Njia ya pili ndiyo wapigapicha wa Safari waliyoitegemea: kulifuata gari kwa kamera. Mpigapicha husimama mahali gari litakapopita ubavu kwa ubavu naye. Miguu huielekeza pale anapotaka picha ipatikane, kisha hukizungusha kiuno upande gari linakotokea. Hulikamata kwenye kioo cha kamera mapema, likiwa bado mbali, na kulisindikiza kwa mwendo uleule, mwili mzima ukizunguka taratibu kutoka kiunoni. Likifika mbele yake hubonyeza kwa kidole chepesi. Na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa sababu akishabonyeza hapaswi kusimama. Huendelea kulifuata gari mpaka limepita. Anayesimama pale anapobonyeza huivunja picha wakati shata ingali wazi.

Ikifanyika vizuri, bodi ya gari hutoka safi, namba inasomeka, uso wa dereva unaonekana. Magurudumu huonekana yakizunguka. Miti, nyasi na watu waliosimama nyuma huvutika kuwa mistari, na mistari hiyo ndiyo inayomwambia msomaji kwamba gari hili lilikuwa mbioni. Kasi ya 1/125 humfaa anayeanza. Akizoea hushuka hadi 1/60, kisha 1/30, ambapo picha mbaya huwa nyingi lakini ile moja nzuri huwa na uhai zaidi.

Vifaa navyo vilikuwa na ukaidi wao. Kamera nyingi za waandishi wa enzi hizo, kama Rolleicord, zilikuwa na lenzi mbili, na mpigapicha aliangalia kwa juu kwenye kioo kilichogeuza kulia kuwa kushoto. Gari likienda kulia, kwenye kioo lilionekana likienda kushoto, na mikono ya asiyezoea ilikimbilia upande usio wake. Wajuzi walikunja kifuniko cha juu na kuchungulia moja kwa moja kupitia kidirisha kilicho wazi. Filamu moja ilitoa picha 12 tu. Kijana wa kununua filamu kwa fedha zake mwenyewe hakuweza kubonyeza hovyo. Ilimlazimu kuijua kona, kujua dereva atakatia wapi, kuchagua jua liwe upande gani, na kusimama ndani ya kona badala ya nje, kwa kuwa gari likiteleza hutupwa nje.

Haya yote Mohamed Amin aliyajua kabla hajatimiza miaka ishirini. Mwaka 1963, akiwa na umri huo, alianzisha kampuni yake ya picha mjini Dar es Salaam na kuiita Camerapix.

Zanzibar na gharama ya mpaka

Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa mwanzo kupeleka picha zake nje. Alikuwa amejifunza kubeba kamera mbili, ya picha za mnato na ya filamu za televisheni, ili safari moja ilete bidhaa mbili. Magazeti yalinunua ya kwanza, vituo vya televisheni vya ng'ambo vikanunua ya pili. Aliuza hata kwa mashirika yaliyoshindana.

Mafanikio hayo yalikuwa na bei. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar kwa sababu ya kazi yake na kufungwa karibu mwezi mmoja katika gereza la Kiinua Miguu. Aliteswa, akatoka amekonda. Kisha akafukuzwa Tanzania, nchi aliyokulia, aliyosoma na aliyofungua duka lake la kwanza. Alifika Nairobi, mji aliozaliwa, akiwa mtu wa kuanza upya.

Mfanyabiashara yeyote wa mwambao wa Tanganyika ambaye amewahi kuona mpaka ukifungwa mzigo wake ukiwa upande wa pili ataelewa uzito wa jambo hilo. Wateja, marafiki, jina alilojijengea, vyote vilibaki ng'ambo. Alichovuka nacho ni ujuzi wake. Camerapix ikafunguliwa tena Nairobi, na baadaye akawa mkuu wa shirika la habari za televisheni la Visnews katika mji huo.

Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, waziri Tom Mboya alipigwa risasi mbele ya duka la dawa katikati ya Nairobi. Mohamed Amin alifika dakika chache baadaye na kupiga picha za dakika za mwisho za Mboya, hata ndani ya gari la wagonjwa. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni nchini Uingereza mwaka huo. Mwaka 1972 alirekodi kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda na Idi Amin. Kati ya waliolazimika kuondoka ni familia ya Shekhar Mehta, ambaye mwaka uliofuata alishinda Safari akitokea Kenya.

Katikati ya miaka ya 1970 Safari yenyewe ikawa ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Magari ya mashindano hayakuvuka tena. Malori ya mahindi na ya vitambaa nayo yakakaa.

Picha mbichi na picha kavu

Watu wa Rumonge wanajua kwamba ndagala mbichi asiyeuzwa asubuhi huanikwa, na akishakauka huweza kufika mbali zaidi ya alikovuliwa, hadi masoko ya ndani ya nchi na ng'ambo ya ziwa. Biashara ya Mohamed Amin ilikuwa hivyohivyo. Picha ya habari aliiwahisha ingali mbichi: filamu ilikimbizwa uwanja wa ndege, ikapewa rubani au abiria, ikafika London kabla ya ya washindani. Iliyobaki hakuitupa. Aliihifadhi, akaipanga, akaitengenezea vitabu.

Vitabu hivyo vilikuwa vingi. Kipo cha Hija ya Makka cha mwaka 1978, cha Ziwa Turkana cha mwaka 1981, vya safari ndani ya Kenya na Tanzania, cha faru walio hatarini, na cha reli ya Uganda, ile iliyowahi kumwajiri baba yake. Mwandishi Brian Tetley alifanya naye kazi katika vingi vya vitabu hivyo na aliandika pia kitabu cha maisha yake. Mapato ya vitabu yalimsaidia kuendesha ofisi katika miezi ambayo habari zilikuwa chache.

Korem, Oktoba 1984

Mwaka 1984 ukame na vita vilikuwa vimewasukuma maelfu ya watu wa kaskazini mwa Ethiopia kwenye kambi za Korem na Makele. Serikali ya Addis Ababa haikutaka wageni wafike huko. Mohamed Amin alitumia miaka yake ya kufahamiana na maofisa, akaomba vibali, akasubiri, akaomba tena, hadi akapata ruhusa ya kwenda na mwandishi Michael Buerk wa BBC.

Filamu aliyopiga Korem ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha na vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. Ilionyesha watu waliojifunika mashuka asubuhi yenye baridi, watoto wasio na nguvu ya kulia, na maiti zikipangwa kwa ajili ya maziko. Ndani ya siku chache misaada ilianza kumiminika. Wanamuziki wa Uingereza walirekodi wimbo wa kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa wakati mmoja.

Anayezitazama picha zile kwa macho ya ufundi ataona kwamba kamera haina haraka. Hupita juu ya umati taratibu, kwa mwendo mmoja usiotetemeka, bila kuruka. Mkono uliozoea kulisindikiza gari la Safari bila kukatisha ndio uliosindikiza safu za watu wa Korem. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyekuwa akikimbia.

Mkono uliopotea

Juni 1991, siku chache baada ya waasi kuingia Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka mjini humo. Mohamed Amin alikwenda kupiga picha na mlipuko mwingine ukamkuta. Mwenzake John Mathai, fundi wa sauti kutoka Kenya, alifariki papo hapo. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Kwa mpigapicha wa filamu, mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito na kurekebisha lenzi wakati wa kulia ukishika kitufe. Wengi waliona amekwisha. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia wa kielektroniki, akajifunza upya kuishika kamera, na akarudi kazini. Tena alirudi Ethiopia kwenyewe.

Ndege ya Novemba

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Brian Tetley alikuwa naye. Watu watatu waliiteka ndege hiyo na kumtaka rubani aipeleke Australia, mbali kupita uwezo wa mafuta yaliyokuwemo. Rubani alieleza hivyo, hawakusadiki. Mafuta yalipokwisha, ndege iliangukia baharini karibu kabisa na ufukwe wa Ngazija, Visiwa vya Komoro, mbele ya macho ya watalii waliokuwa ufukweni. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Walionusurika walisema Mohamed Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji hadi dakika za mwisho. Yeye na Tetley walikuwa miongoni mwa waliokufa. Amin alikuwa na umri wa miaka 53. Aliacha mke, Dolly, na mwana, Salim, ambaye aliendeleza kazi ya Camerapix na kuhifadhi picha za baba yake.

Kilichobaki barabarani

Mohamed Amin hakuishi kuiona Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki iliyotiwa saini mwaka 1999, wala Burundi ikijiunga mwaka 2007. Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ila njia yake ni ya ndani ya Kenya, na magari bado hayajarudi kukatiza Uganda na Tanzania kama zamani. Kwa sasa wanaovuka ni wafanyabiashara: kutoka Rumonge kwenda Kigoma kwa boti, kutoka Mabanda kwa gari, kutoka Uvira na Kalemie kwa mashua za mbao.

Na kijana wa Barabara ya Taifa namba 3 ana kifaa ambacho Mohamed Amin hakuwa nacho alipoanza. Simu nyingi za leo zina sehemu ya kuchagua kasi ya shata kwa mkono. Zisizo nayo hujipunguzia kasi zenyewe mwanga unapokuwa hafifu, alfajiri na magharibi, na saa hizo ndizo magari ya ndagala yanapokimbia. Asimame mbali na ukingo wa lami, ndani ya kona, miguu ikielekea ziwani. Alikamate gari likiwa bado mbali, alisindikize, abonyeze, aendelee kulisindikiza. Picha ishirini za kwanza atazifuta. Ya ishirini na moja huenda ikatoka na gari safi, mifuko ya ndagala juu yake, na nyuma Ziwa Tanganyika limevutika kuwa mstari mmoja wa buluu. Picha ya namna hiyo ina mnunuzi, Bujumbura au Kigoma.